Udi Uliotangulia Maneno

Wifi yangu Shinuna hakulia. Nalitanguliza hili kwa sababu ndilo lililonikera kuliko yote, na mimi nikikereka sijui kuficha. Ndugu yangu Sleyum alipofariki nililia mpaka sauti ikakauka, wanawake wakanishika mikono, nikapewa maji ya zafarani nikaangusha kikombe. Yeye, mkewe, alikaa kwenye godoro lake la eda akipokea pole za watu kama mtu anayeitikia salamu za njiani. "Mungu akupe subira," wanamwambia. "Amin," anajibu. Basi.

Watu wakamsifu. Mwanamke ana imani yule, wakasema, mwanamke amekubali mapenzi ya Mungu. Mimi moyoni nikasema imani gani, huyu kafa ganzi. Ungemchoma sindano angekuuliza kama uzi umeshapita.

Nasema sindano kwa kuwa Shinuna ni mshona kofia. Hapa Sib, Omani, wanaume wengi wa mtaani kwetu wametia kichwani kazi ya mkono wake na hawajui jina lake, maana kofia hupitia dukani na duka ndilo linalosifiwa. Alikuja kuolewa kwetu kutoka Izki, binti mwembamba, maneno machache, pua ndefu, na pua ile Mungu hakumpa bure. Buhuri ya kufukizia nyumba alikuwa akitengeneza mwenyewe, hanunui. Mtu akipita chini ya dirisha lake, yeye alikuwa anakwambia huyo katoka nyumba gani na amefukiziwa nini. Sleyum alikuwa akimtania: "Wewe ungepelekwa bandarini ukae na mbwa wa forodha." Naye anamjibu, "Mbwa wa forodha analishwa nyama kila siku. Mimi nimelishwa lini?" Walikuwa wakicheka hivyo, wawili hao, hata mbele za wageni.

Eda ilipokwisha alioga, akavua nguo za eda, akavaa nyingine za giza vile vile, akarudi kwenye kofia zake. Manukato hakugusa. Mwanamke wa kwetu akitoka eda, manukato ndiyo anayoyakimbilia kabla hata ya kwenda kuwaona watu wake. Yeye chupa zake zilibaki kwenye kabati na vumbi juu. Anapika, anafagia, anashona, ukimsemesha anajibu. Ukinyamaza na yeye ananyamaza, mnaweza kukaa hivyo mpaka mwadhini akuinueni.

Ningemwacha na ganzi yake. Lakini kulikuwa na jambo la Afra.

Afra ni mtoto wao wa pekee. Ni mfamasia, ana akili, na ana moyo wa kupenda mara moja tu, balaa aliyoirithi upande wetu. Alikuwa anampenda kijana mmoja, Mundhir, na kijana anampenda, na Sleyum alimjua na kumridhia, ila ugonjwa ukamwahi kabla wakubwa hawajakutana. Sasa mama wa kijana akaleta habari kwamba Alhamisi angekuja na dada zake kutusalimia. Kila mtu anajua salamu za aina hiyo zinafuatwa na nini.

Huyu Mama Mundhir ni mwanamke mwema, ila ana kiburi cha watu wema. Mlango anaubisha mara moja. Aliwahi kwenda kumposea mwanawe mkubwa, wenye binti wakamwambia ngoja kwanza tufikiri, akawaaga vizuri, na mwezi haujaandama kijana akawa ameshaoa kwingine. Afra alikuja kwangu jikoni akaniambia, "Shangazi, nikimkosa huyu sitaki mwingine. Na Mama humwoni alivyo? Nakuomba uwepo siku hiyo." Nikamwambia nitakuwepo, nani atanizuia.

Nikaanza na manukato. Nyumba ilikuwa bado inanuka dawa za mgonjwa na sabuni, na posa haipokelewi na mwanamke anayenuka sabuni. Nikamtia wifi yangu garini nikampeleka sokoni.

Sikumpeleka kwenye yale maduka ya vioo na taa. Nilimpeleka kwa Yakdhani, kijana mwenye kiduka chembamba nyuma ya wauza nguo. Yakdhani anachanganya mwenyewe. Anatengeneza chupa chache, zikiisha zimeisha, hakutengenezei tena mpaka roho yake ipende, na ukimbembeleza ndiyo unaharibu kabisa. Watu wanatoka Nizwa na Dubai kumfuata na wengine wanarudi mikono mitupu.

"Karibuni, mama zangu," akasema. "Tunatafuta tamu au kali?"

"Tunatafuta ya mwanamke aliyetoka eda na anapokea posa," nikamjibu.

"Badriya!" Shinuna akasema.

"Nini? Nimemdanganya kijana wa watu?"

Yakdhani akainamisha kichwa kwa adabu. "Mungu amrehemu marehemu. Basi maua tuyaweke kando, maua ni ya bibi harusi. Twende kwenye miti na viungo."

Akachukua vikaratasi vyake, akatia cha kwanza, akampa. Shinuna akanusa vile anavyonusa siku zote, macho kafumba, pua mbali kidogo na karatasi. "Nzuri," akasema. Cha pili, cha sandali. "Nzuri." Cha tatu kilikuwa na kitu kama ngozi ya tandiko la farasi, mimi nilikisukuma mbali. "Nzuri," akasema wifi yangu.

Yakdhani akamtazama kidogo, kisha akampa kikaratasi cha nne. Na mimi nilikuwa namwangalia mkono wake, nikaona kwa macho yangu kwamba hakutia kitu.

Shinuna akafumba macho akanusa. "Hii pia nzuri."

Kijana akanitazama. Mimi nikatazama juu. "Pua yake imechoka," nikasema. "Tumepita maduka mengi." Kumbe lake ndilo la kwanza.

"Mama," akasema taratibu, "hiyo ni karatasi tupu."

Shinuna akakigeuza kikaratasi huku na huku. "Basi karatasi yako ni nzuri," akasema, akakiweka mezani. Nilicheka, maana ingekuwa zamani ungekuwa mzaha. Siku ile sikujua kama ni mzaha au la, na kucheka kwangu kukaishia katikati.

"Uliumwa mafua makali?" kijana akamuuliza.

"Hapana, mwanangu. Harufu nazisikia. Ile ya kwanza ilikuwa na karafuu na ubani wa Dhofari, ubani ulikuwa mwingi kidogo. Ya pili sandali, si ile ya Maisuri ya Uhindi. Nazijua zote. Ila hazinifiki. Ni kama watu wanaoongea nyumba ya jirani, unasikia sauti lakini hayakuhusu."

Maneno mengi kiasi kile sikuwa nimeyasikia kutoka kwake tangu mazishi, na alikuwa anamwambia muuza manukato. Nikaona wivu, nasema kweli.

Yakdhani akaingia nyuma ya pazia, akarudi na kichupa cheusi. Akachovya kijiti cha kioo, akaniashiria mimi nitoe mkono kwanza. Nikanusa kwa pupa, kosa langu, pilipili manga ikanipanda puani nikapiga chafya mbele ya wateja waliokuwa mlangoni.

"Ndiyo kusalimia kwake," akasema. "Usiyahukumu sasa, yaache yakae."

Tukakaa. Pilipili ikarudi nyuma, ikaja karafuu, kisha kungumanga iliyochomwa kidogo. Halafu nikaanza kusikia mti. Mti mkavu, mwerezi, sandali ya zamani, kama umefungua sanduku la bibi lililofungwa miaka na nguo zimo ndani. Udi ulikuwa chini kabisa, hausemi kitu, lakini unajua upo. Si manukato ya kupendeza, sikudanganyi. Ni manukato ya kukufanya ukae vizuri.

"Yanaitwaje haya?"

"Nyumba ya Babu."

"Babu yako alikuwa anauza pilipili?"

"Babu alikuwa seremala," akasema Yakdhani. "Pilipili alikuwa nayo bibi."

Akampa Shinuna kijiti, naye Shinuna akajipaka mwenyewe kwenye kifundo cha mkono, pale mshipa unapopiga. Akanusa. Tukamngoja, mimi na kijana, kama tunangoja majibu ya hospitali.

"Yanaunguza kidogo," akasema.

"Harufu, au ngozi?" kijana akauliza.

"Ngozi."

Nilisema tunayachukua. Bei siitaji, mume wangu ana masikio marefu.

Alhamisi wakaja. Mama Mundhir na dada zake wawili, wamevaa, wamenukia, mmoja amebeba sahani ya matunda iliyofunikwa. Nilihakikisha Shinuna amejipaka. Nilimpaka mwenyewe nyuma ya masikio kama mtoto, naye akasimama tu. Tukawakaribisha chumba cha baraza. Mama Mundhir tukamweka mahali pa heshima, dada mmoja pembeni yake, na yule mdogo akakaa chini ya dirisha.

Matunda yakaliwa. Afra akaingia na birika la kahawa, macho chini, akamimina kuanzia kwa mkubwa, akatoka. Nilimwona Mama Mundhir akimfuata kwa jicho mpaka mlangoni, na jicho lilikuwa zuri. Tukaongea habari za barabara mpya, za joto, za nani anaumwa. Mimi ndiye niliyeongea. Shinuna alikuwa akiitikia kwa kichwa.

Kisha Mama Mundhir akanyanyua pua. "Bi Shinuna, hebu niambie, umejitia nini? Wallahi tangu niingie nayatafuta yanatoka wapi."

"Yako hayo," Shinuna akajibu, kama adabu inavyotaka, akainuka kwenda kuyaleta. Alipoinuka alisimama kidogo akatazama upande wa dirisha. Halafu akaenda.

Nilifurahi. Nikasema moyoni, haya, mambo yanakwenda, kumbe ganzi nayo ina siku zake. Mama Mundhir akayumbisha kikombe chake kuonyesha kahawa imetosha, akakiweka chini, akaiweka sawa shela yake. Akakohoa kidogo. Nikaona neno linakuja. Nikauandaa uso wangu.

"Bi Badriya," akaanza, "sisi leo tumekuja..."

Mlango ukafunguka. Shinuna akaingia na sinia. Juu ya sinia kile kichupa cheusi, na kando yake chetezo, mkaa umeiva mwekundu, moshi wa udi unapanda.

Kwetu udi ukishazunguka, mgeni anatafuta viatu vyake. Hakuna asiyelijua hili. Na nyumba isiyotaka posa, badala ya kusema hapana na kuwavunja watu nyuso, inatoa chetezo mapema. Wageni wanajifukiza, wanashukuru, wanakwenda, na hakuna neno lililotoka likakataliwa. Ni adabu kubwa na ni kisu.

"Wifi!" nikasema. "Halwa! Halwa bado!"

Hakunisikia. Alikwenda moja kwa moja kwa Mama Mundhir, akapiga goti, akamwekea chetezo chini ya kidevu na kumpepea moshi kwa mkono, polepole, kwa ufundi wake wote. Uso wake ulikuwa umetulia kuliko nilivyouona tangu msiba.

Mama Mundhir hakubadilika hata ukope. Akaufungua mtandio akaupokea moshi kulia na kushoto, akawapa dada zake wakajifukiza. Akachukua kichupa, akajitia tone moja kwenye ncha ya shela. "Mungu awaongezee," akasema. "Ni manukato mazuri kweli." Akainuka.

"Kaeni jamani!" Nikajaribu mzaha. "Chetezo kimepotea njia, kilikuwa kinakwenda kwa jirani!"

"Tumeshafukizwa, Bi Badriya," akanijibu, na alinijibu vizuri, ndiyo ubaya wake. "Tukikaa tena tutakuwa sisi ndio hatuna adabu."

Wakavaa viatu. Mlango ukafungwa.

Afra akatoka jikoni na sahani ya halwa, ameipamba kwa lozi. "Wamesema?" akauliza, kisha akaona baraza tupu, akaona chetezo mkononi mwa mama yake. Akaiweka sahani chini kwa uangalifu, kama vile ingekuwa na watu wa kula.

"Mama. Umewafukuza?"

Shinuna alikuwa amesimama katikati ya chumba akikitazama chetezo, kama mtu aliyekuta mkononi mwake kitu cha jirani. "Sikukusudia," akasema.

Hapo nikalipuka. "Hukukusudia! Mkaa ulijiwasha wenyewe? Udi ulikuja kwa miguu yake? Umekaa humu ndani kama gogo, ndugu yangu hukumlilia hata chozi la kuazima, na sasa na mtoto wake unamzika!"

"Shangazi, basi," Afra akasema.

"Siyo basi! Aseme!"

"Nimesema basi." Akaingia chumbani kwake. Mlango hakuubamiza. Ningependa angeubamiza. Tukasikia akianza kulia, kilio cha mtu aliyetia mto mdomoni, na Shinuna akakaa chini pale pale na sinia yake mapajani.

"Sema kitu, Shinuna."

"Nitasema," akajibu. "Ila si kwako."

Asubuhi yake nilimkuta mlangoni kwangu amevaa baibui. "Nipeleke kwa Mama Mundhir."

"Una wazimu? Tangu lini upande wa binti unakwenda kuomba? Unataka mtoto asemwe mpaka Salala?"

"Siendi kuomba. Naenda kusema."

"Kusema nini?"

"Kama hunipeleki nitakwenda kwa miguu."

Angekwenda. Nikachukua funguo.

Mama Mundhir alitupokea mwenyewe. Kama alishangaa hakuonyesha. Akatukalisha, akaleta kahawa na tende, akauliza afya zetu moja moja, heshima tupu na baridi yake. Kisha akasema, "Manukato yenu, Bi Shinuna, yamenishinda kutoka kwenye shela. Pilipili imekwisha, umebaki mti. Nimelala usiku kucha na harufu ya nyumba iliyonikataa."

Mimi ningekufa pale. Shinuna hakugusa kahawa. Aliweka mikono juu ya magoti, akaanza kusema, na sauti yake ilikuwa ile ile isiyopanda wala kushuka.

"Mama Mundhir, mimi sikukukataa. Sleyum alikuwa na maradhi ya figo. Siku anazokwenda kusafishwa damu, akirudi nyumbani anakuta watu wanamngoja. Watu wake, wanampenda, wanataka kumwona, na watu wetu kuona mgonjwa ni kukaa. Yeye hana nguvu hata ya kushika kikombe. Kuwaambia nendeni hawezi, ni wageni wake. Basi alikuwa ananitazama. Kwa jicho tu, hivi. Mimi nainuka natia udi, nazungusha, watu wanajifukiza wanaondoka, hakuna aliyeudhika. Wakishatoka ananiambia, Mungu akulipe. Analala."

Akainyoosha baibui yake magotini, akaendelea.

"Alikuwa analala pale chini ya dirisha, alipokaa mdogo wako. Jana nilipoinuka kukuchukulia kile kichupa nilitazama pale. Watu wamejaa, wanaongea kwa upole, kahawa inazunguka. Nikamwona amechoka. Nikaona ananitazama. Nilipofika jikoni mikono ilijua yenyewe la kufanya. Nilifurahi, Mama Mundhir. Nilisahau kwamba amekufa. Nilipokumbuka, nyinyi mlikuwa mnavaa viatu."

Machozi yalikuwa yanamtoka na hana habari nayo. Yalikuwa yanashuka mpaka kidevuni na kudondokea mikononi, na uso haukukunjamana, kama vile ni ya mtu mwingine na yeye amewekewa tu ayashike. Mimi nilitaka kumfuta nikaogopa. Niliogopa nikimgusa yatakoma.

Lakini mimi na mdomo wangu. Chetezo kile kilikuwa kimenijia kidevuni mara nyingi, siku zile za ugonjwa, na kila mara nilidhani ananitenga na ndugu yangu. "Na mimi?" nikasema. "Na mimi pia alikuwa ananitolea jicho?"

Shinuna akanigeukia. "Wewe nilikuwa nakufukiza pamoja na wenzako. Wenzako wanaondoka, wewe umekaa unaongea. Nikamwambia Sleyum, nitafanya nini na dada yako? Akaniambia, huyo mwache. Napenda kulala na yeye anaongea."

Nikatia tende mdomoni, na watu wanaonijua watakwambia mdomo wangu umezoea kazi nyingine.

Mama Mundhir aliitazama kahawa ya Shinuna iliyopoa. Akaichukua, akaimwaga, akammiminia nyingine kwa mkono wake. "Jana nilitoka hapa na neno," akasema, "nikarudi nalo. Limenikaa kooni. Sijawahi kulipeleka mlango mmoja mara mbili, na sitalipeleka. Nalisema hapa hapa kwangu, mradi umekuja. Namtaka Afra awe binti yangu, kwa Mundhir."

Desturi ni kusema, tumesikia, tutawauliza wajomba zake na ami zake, Mungu akipenda tutaleta jibu. Hata kama roho inaruka, unasema hivyo, na unakaa siku kadhaa.

"Mchukue," Shinuna akasema.

Nikamkanyaga mguu.

"Usinikanyage, wifi. Baba yake alishamridhia. Nimngoje nani?"

Mama Mundhir akashusha pumzi, akamshika mkono. "Nimepokea. Lakini kijana kazi yake iko Duqm, atakwenda naye huko. Na nyumba yako ile nzima, Bi Shinuna, utabaki na nani?"

Shinuna akainua ncha ya shela akajifuta uso, akaona ilivyolowa, akaitazama muda mrefu kama anatafuta ilikotoka. Alipomaliza alinigeukia, akanipima toka kichwani mpaka miguuni, vile alivyokuwa akinipima zamani Sleyum akiwa hai na sisi wawili tukigombana mbele yake.

"Na huyu," akasema. "Hata nikimfukiza haondoki."